Jua Limempiga au Jua Ilimupiga

Katika kitabu cha Kifaransa tulichosomea shule ya msingi kulikuwa na mti mmoja uliochorwa mara nne: una theluji, una maua, una majani mabichi, una majani yanayoanguka. Chini ya mti wa tatu paliandikwa "l'été", na kando yake watoto wenye kofia walikuwa wanakula barafu. Mwalimu alitufafanulia: "L'été, ni wakati ya jua, mwezi wa saba na wa nane." Tukakariri. Hakuna aliyeuliza kwa nini Julai ya kitabuni ni ya barafu, ilhali Julai yetu ya Lubumbashi ni ya kuvaa kazaku mbili na kutoa moshi mdomoni asubuhi.

Nilipotafuta mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilichagua majina ya misimu na ya hali ya hewa katika Kiswahili cha Lubumbashi. Nilidhani ni mada ya upole. Edgar Polomé aliandika juu ya Kiswahili cha mji huu tangu 1968, Walter Schicho akatoa kitabu kizima juu ya sintaksia yake mwaka 1982, na Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa hapa kwetu, alifuatilia historia yake. Mimi ningejibakizia maneno ishirini ya jua na mvua, niyapange, nimalize. Haikuwa hivyo, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Kwanza jambo ambalo kila msomaji anayeishi hapa analijua kwa mwili wake. Misimu yetu si minne wala si miwili. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma mwezi wa nne hivi. Kuanzia Mei ni ukavu wa baridi: mji umekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mawingu hakuna, na usiku ukiingia joto lote la mchana hupanda juu na kupotea. Kisha, Agosti inapoelekea mwisho, ukavu ule ule unageuka moto. Septemba na Oktoba mvua bado haijaja, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, moshi wa pori linalochomwa umetanda, na jua linazidi kusogea utosini. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa Ikweta. Katika juma la nne la Oktoba jua la adhuhuri linasimama wima kabisa juu yetu, na kivuli cha mtu kinalala chini ya miguu yake. Mchana unafika nyuzi 32 au 33. Ndugu zetu wa Ghuba watacheka wakisoma namba hizo. Lakini ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, walowezi Waingereza waliuita Oktoba mwezi wa kujiua, na sidhani walikuwa wanatania kabisa.

Mama yangu ni mtu wa Sakania, anasema Kibemba. Yeye huhesabu Mei kuwa Kapepo kanono, yaani baridi ndogo, Juni kuwa Kapepo kakalamba, baridi kubwa, na Septemba ni Ulusuba lunono, ukavu mdogo wa jua. Tazama maneno hayo kwa jicho la mwanaisimu. "Kapepo" ya Kibemba ni baridi. "Upepo" ya Kiswahili ni hewa inayokwenda. "Kupepea" ni kuileta hewa hiyo kwa mkono. Na pwani pahali pa watu wema baada ya kufa panaitwa peponi. Kwa mtu aliyepita Oktoba moja hapa hilo halihitaji maelezo. "Akasuba" ya Kibemba, "diba" ya Kiluba cha Kasai, "dyuba" ya Kiluba cha Katanga na "jua" letu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kibantu. Kiswahili kiliipoteza ile b njiani, wengine wakaitunza.

Upande wa baba ni Kasai, watu walioletwa na reli. Kwa nyanya yangu "mashika" ni baridi. Ndiyo sababu mwaka wa kwanza, tuliposoma katika somo la Kiswahili kifungu kutoka Tanzania chenye maneno "wakati wa masika", nusu ya darasa iliwaza makoti. Masika ya pwani ni mvua kubwa, Machi hadi Mei. Mhadhiri alicheka, akatuandikia ubaoni orodha yote: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, vuli. Ni orodha ya watu wa bahari. Kaskazi ni upepo uliowaleta majahazi kutoka Uarabuni, na ndio wakati wa joto lao, Desemba hadi Machi. Kusi ni upepo uliowarudisha. Maneno hayo yaliposafiri na misafara kuja bara, bahari ilibaki nyuma, na majahazi pia. Kwetu "kaskazini" ni upande wa ramani tu. Haina jasho ndani yake.

Sasa tafsiri "été" kwa Kiswahili. Kamusi itakupa "kiangazi". Lakini ninavyolisikia mimi, neno kiangazi limejaa mwanga: anga, mwanga, kuangaza. Ni msimu mkavu, wa mbingu nyeupe. Joto halimo ndani ya neno. Na kwa mtu wa Lubumbashi sehemu kubwa ya msimu mkavu ni baridi. Ukimwambia "jikinge na joto la kiangazi" umemwambia ajikinge na joto la Juni. Atakushangaa, halafu ataendelea na shughuli zake. Wengine huchukua neno la Kifaransa "canicule" na kulibandika juu ya Oktoba yetu. Asili yake ni Kilatini, mbwa mdogo, jina la nyota inayochomoza pamoja na jua wakati wa joto la Ulaya. Wafaransa walijifunza uzito wa neno hilo mwaka 2003, joto la Agosti lilipoua watu wapatao 15,000 nchini kwao, wengi wao wazee waliokuwa peke yao katika vyumba vya juu. Baada ya hapo neno likawa na simu ya dharura, na orodha za wazee wa kutembelewa. Sisi tulichukua neno, bila simu na bila orodha.

Mpaka hapa ni mchezo wa watu wa kitivo. Nije kwenye matofali.

Anayejenga Lubumbashi hujenga kwa tofali la kuchoma. Udongo wake mzuri unatoka katika vichuguu, vile vilima vya mchwa vinavyozidi kimo cha nyumba, na kazi hiyo ina kalenda isiyobembeleza. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Kwa hiyo lazima ulifyatue, ulikaushe, ulipange na kulichoma kabla mvua ya kwanza haijaanguka. Maana yake ni kwamba kazi nzito kuliko zote hufanywa kwa haraka kuliko wakati wote katika mwezi wenye joto kuliko yote. Ungempa adui yako akupangie ratiba, asingekupangia tofauti.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka 19 Oktoba ile ya 2023. Walikuwa wanne kwenye kichuguu kimoja nje ya mji, wanalipwa kwa hesabu ya matofali, si kwa siku. Walianza saa moja asubuhi. Maji yao yalikuwa bido moja la lita tano kwa watu wote wanne, na kisima kilikuwa mbali. Kwenda kuchota ni kupoteza matofali arobaini. Alivaa kazaku nene kwa sababu ya vumbi na mikwaruzo. Kwenye saa nane mchana akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Alimwita mwenzake kwa jina la mtu mwingine. Akagombana juu ya kalibu ambayo hakuna aliyeichukua. Wenzake walicheka, wakadhani amepitia lutuku. Kisha akaanguka.

Wakampakia juu ya manseba. (Kwa msomaji wa mbali: ndivyo tunavyowaita hapa waendesha pikipiki za abiria, na kwa Kiluba cha Kasai neno hilo ni mjomba, ndugu wa mama. Nitaliandikia siku nyingine.) Akashikiliwa katikati ya wawili hadi kituo kidogo cha afya, ambacho sitakitaja. Palikuwa na muuguzi mmoja na benchi lililojaa. Muuguzi akauliza kama ana homa. Mwenzake akajibu kama ambavyo kila mmoja wetu angejibu: "Iko na moto mingi ku mubili." Kwenye karatasi likaandikwa "palu", ufupi wa paludisme, yaani malaria. Akalazwa kwenye mkeka, kazaku yake mwilini, kungoja zamu ya sindano.

Mama mdogo alifika kutoka sokoni na beseni lake la maji ya sashe. Nilikuwa nimemfuata nyuma, kwa hiyo maneno niliyasikia mwenyewe. Alimgusa shingo, akamtazama macho, akasema:

"Hii haiko malaria. Malaria inatetemesha mutu mbele. Uyu jua ilimupiga. Mumutoshe kazaku."

Muuguzi alikasirika. Alisema mtu mwenye homa hamwagiwi maji baridi, atapata ugonjwa wa mapafu. Mama mdogo hakubishana. Alipasua sashe kwa meno, moja baada ya nyingine, akamwagia kichwani, kifuani, kwapani, kisha akafungua kitenge chake na kutupa upande mmoja nishike, tukampepea. Sashe zilizobaki za biashara ya siku ile ziliishia pale. Baada ya nusu saa hivi mdogo wangu aliuliza: "Mama, unafanya nini?" Alimtambua. Kipimo cha malaria, kilipopatikana jioni, kilisema hapana. Siku tatu alikuwa hana nguvu na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai.

Simlaumu muuguzi, na nisingependa msomaji amlaumu. Katika nchi hii mtu akija na mwili moto, kufikiria malaria kwanza ni akili, si uzembe. Na malaria kali nayo humfanya mtu apayuke. Kinachonisumbua ni lile jibu. "Moto ku mubili" ni maneno matatu yanayobeba mambo mawili tofauti. Katika homa ni mwili wenyewe unaopandisha joto lake kwa makusudi, kama mtu anayeongeza makala kwenye mbabula ili apambane na ugonjwa. Katika pigo la jua mwili haukutaka. Umeshindwa kutoa joto linaloingia na lile unaolitengeneza wenyewe kwa kazi. Dawa ya kushusha homa husema na yule anayeongeza makala. Kwa aliyepigwa na jua hakuna wa kusema naye, paracetamol haina kazi, inabidi kuondoa moto kwa mikono yako. Joto la ndani likipita nyuzi 40 ubongo unaanza kuyumba, na kila dakika ina bei. Kiswahili cha nyumbani kwetu kinauita moto wote moto. Lakini pembeni kilikuwa na usemi mwingine, wa kina mama, "jua ilimupiga", na ndani ya usemi huo mlikuwa na tiba nzima: kivuli, nguo chini, maji juu, upepo.

Hapo kazi yangu ikabadilika. Nikaacha kuuliza "Msimu huu mnauitaje?" nikaanza kuuliza "Mtu akianguka kwa sababu ya joto, mnasema nini, na mnafanya nini?" Niliwauliza watu wa matofali, kina mama wa soko la Kenya, manseba kwenye vituo vyao, na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tanuru ya shaba, mahali ambapo Oktoba ni mwaka mzima.

Niliyoyakuta mengine ni ya busara kuliko vipeperushi. Kina mama hulowesha kitambaa na kukiweka chini ya kilemba. Kikikauka wanalowesha tena. Hawajui kwamba wanafanya fizikia, lakini wanafanya fizikia nzuri, na hasa ya hapa. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto kutoka pale yalipokuwa, na hewa kavu ya Oktoba yetu inayanywa haraka sana. Ndiyo maana mtungi wa udongo unaovuja jasho unapoza maji ya kunywa Lubumbashi hata umeme wa SNEL ukiwa umekatika siku mbili. Peleka kitambaa hicho hicho Mombasa mwezi wa tatu, ambako hewa tayari imeshiba maji, nacho hakitakusaidia kiasi hicho. Huko jasho linatiririka tu bila kupoza. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijibu tatizo lake kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba ambamo jua haliteremki. Kila mahali na akili yake. Lakini ukavu wetu una hila: jasho linakauka kabla hujaliona. Mtu anasema "mimi sitoki jasho", kumbe ametoa lita kadhaa tangu asubuhi, na kiu inakuja imechelewa. Mzee wa tanuru aliniambia alikuwa hatazami kiu, alikuwa anatazama mkojo. Ukiwa wa rangi nzito, alikunywa.

Wanakunywa nini? Maji, na munkoyo, ambayo ina uji wa mahindi na inampa mtu nguvu pamoja na maji. Anayetoka jasho siku nzima anapoteza chumvi pia, na maji matupu mengi hayairudishi. Kina mama wanatafuna karanga za chumvi kwa sababu wanazipenda, na ni sawa kabisa. Kwa aliyeanza kulegea lakini bado ana akili zake, kuna ule mchanganyiko wa kuharisha ambao kila kituo kinaujua: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, maji yatamwingia mapafuni. Kuhusu bia sikusikilizwa. Manseba mmoja aliniambia kwamba Simba ya baridi saa saba mchana ndiyo dawa, na nilipomweleza kwamba pombe inamtoa mtu maji, alinijibu kwa heshima kwamba mimi ni mtu wa vitabu.

Mengine niliyoyakuta yalinitisha. Ile imani ya muuguzi, kwamba mwili moto haumwagiwi maji baridi, iko kila mahali. Mama mmoja aliniambia angemfunika blanketi mtu wa namna hiyo "ili moto itoke". Wengi hufunga madirisha usiku kwa sababu ya mbu na wezi, na sababu zote mbili ni za kweli. Lakini usiku ndio zawadi ya mji huu. Hata Oktoba, kwa sababu ya urefu na ukavu, alfajiri inashuka kuwa baridi kidogo, na mwili unapata kupumzika jambo ambalo watu wa pwani hawapewi. Nyumba ya bati, malata kama mama anavyoyaita, isiyo na dari, inatunza joto la mchana hadi usiku wa manane ikiwa imefungwa. Chandarua kizuri kinakuruhusu kufungua dirisha. Nondo za dirisha zinakuruhusu pia, kwa mwenye fedha. Na mwembe. Lupango lenye mwembe na lupango lisilo nao ni nchi mbili. Tunaikata miombo kuzunguka mji tupate makala, halafu tunahesabu nani ana mwembe.

Watu wa matofali wenyewe waliniambia walichobadilisha tangu kijana wetu aanguke. Wanaanza saa kumi alfajiri kama kuna mwezi, wanaacha saa nne, wanarudi jua likilegea. Hakuna aliyewalazimisha, na hakuna anayewalipa kwa saa za katikati. Huko Oman, ambako familia nyingi bado zinazungumza Kiswahili nyumbani, sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, miezi ya Juni hadi Agosti. Nilipowasimulia, mmoja aliuliza kama sheria hiyo inamlipa mtu saa hizo tatu. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowaandalia wao.

Katika mtaa wetu kuna mama mmoja wa afya, wale wanaoitwa "relais", wanaopita nyumba kwa nyumba. Alisikia habari ya utafiti wangu, akaniletea karatasi ya Kifaransa juu ya "coup de chaleur" na kuniomba niifanye Kiswahili ili aibandike kwenye vichuguu na sokoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kitivo mtu alikuwa ananiomba neno kwa sababu analihitaji.

Nilianza kama tulivyofundishwa. "Kiharusi cha joto": nikalipeleka sokoni, na kila mtu akamwaza mzee aliyepooza mkono. "Pigo la joto": wakacheka, mmoja akauliza nani amepiga. "Upungufu wa maji mwilini": walielewa kila neno peke yake. Niliposema tu "jua ilimupiga" vichwa vyote viliitikia, na mama mmoja akaanza kunisimulia mtoto wake bila kuulizwa. Basi nikaandika:

"Mutu jua ilimupiga: mubili moto, anasema maneno ya bure ao anaanguka. Usingoje. Mumulete mu kivuli, mumutoshe manguo, mumutie mayi, mumupepee. Njo mumupeleke ku lopitali, na mu njia mumutie mayi tu."

Kabla ya kuipeleka kwa mama relais nilimwonyesha mhadhiri mmoja ninayemheshimu sana. Aliisoma mara mbili, akachukua kalamu. Jua ni ngeli ya tano, akasema, kwa hiyo "jua limempiga". "Mtu", si "mutu". "Maji", "hospitali", "au". Aliniuliza: je, kitivo cha lugha kitabandika ukutani jambo ambalo kitivo hicho hicho kinalipigia mstari mwekundu katika mitihani? Hoja yake si ya kudharauliwa. Kiswahili cha Lubumbashi kimeitwa kibovu tangu enzi za wakoloni, na wapo wanaoamini kwamba kukiandika ukutani ni kuwafungia watu humo. Nilimjibu kwamba anayesoma karatasi ile hana muda wa kupandishwa cheo cha lugha. Ana mtu chini miguuni pake. Tulibishana kiasi, kwa upole, mpaka akaniuliza kitu kingine ambacho hakikuwa cha sarufi: kwa nini sikuandika kwamba jasho linakauka, kama vitabu vinavyosema? Nilikuwa nimemuuliza daktari. Mtu aliyeanguka kazini mara nyingi bado ana jasho tele. Ukiandika "hana jasho", wenzake wataliona jasho na kusema si hilo. Dalili ya kushika ni akili kuyumba. Mhadhiri alitikisa kichwa, akairudisha karatasi. Mstari mwekundu aliuacha pale pale, lakini alisaini kwamba ameisoma.

Karatasi ilibandikwa Septemba. Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye vichuguu kuona kama wanaisoma. Waliisoma. Mzee mmoja anayechunga tanuru ya matofali, ambaye kazi yake ni kulisha kuni usiku kucha moto usife, alinisubiri hadi nilipomaliza kuzungumza na vijana, akaniita pembeni.

"Muandiko yako ni muzuri, mwalimu," akasema. "Lakini mimi minaangukaka usiku. Jua iko wapi?"

Alikuwa sahihi. Joto halihitaji jua. Tanuru inatosha, bati linatosha, gari lililofungwa na mtoto ndani linatosha. Usemi nilioupigania mbele ya mhadhiri wangu ulikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa na ukubwa wa mzee huyu. Nilimuuliza yeye na wenzake wanasemaje mtu wa tanuru akianguka usiku. Alifikiri kidogo. "Tunasema moto ilimukamata." Nikatoa kalamu, na pale pale juu ya karatasi, mbele ya "ilimupiga", nikaongeza kwa mkono: "ao moto ya tanuru ilimukamata". Mama relais ameomba nakala mpya zichapwe hivyo kabla ya Oktoba.